Tuwaandaeje wanafunzi wa vyuo vikuu kuwa wachambuzi wa fedha?

Mwalimu wa Fedha:
Wadau, habari zenu. Ninafundisha uchambuzi wa taarifa za fedha, mwaka wa tatu, katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Vijana wangu hukokotoa uwiano wa kila aina bila kukosea, lakini ukiwauliza kwa nini faida ya benki imepanda ilhali mikopo haikuongezeka, hubaki wakiitazama fomula. Je, nipunguze nadharia, au niwahimize waanze mitihani ya CFA, hati ya kimataifa ya wachambuzi wa uwekezaji, wangali chuoni?

Afisa Mikopo:
Mwalimu, nadharia usiipunguze. Badilisha mahali pa kuanzia. Chukua hesabu zilizokaguliwa za benki za CRDB au NMB, ambazo hutolewa hadharani kwa kuwa hisa zao zimeorodheshwa DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, uwaanzishe kwenye maelezo yanayofuata nyuma ya hesabu hizo kabla hawajaigusa mizania, yaani orodha ya mali na madeni. Huko watakuta gharama ya kutengea mikopo chechefu, yaani ile inayohofiwa haitalipwa, ambayo ikipungua kuliko ya mwaka uliotangulia, faida inaweza kupanda hata kama biashara haikukua. Kisha waulize kama kamati ya mikopo inavyouliza: imepungua kwa sababu wakopaji wamelipa, au kwa sababu menejimenti imekuwa na matumaini kupita kiasi? Jibu liandikwe kwa ukurasa mmoja, bila jedwali hata moja. Kwenye usaili, wengi hukwama hapo.

Mkaguzi:
Naunga mkono. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 16, kilichoanza kutumika Januari 2019, kiliingiza mikataba mingi ya upangaji kwenye mizania kama deni. Asiyelijua hilo, akilinganisha 2018 na 2019, ataandika kwamba kampuni yenye matawi mengi ya kupanga imejitwisha madeni ghafla, kumbe haikukopa hata shilingi. Excel haitamwambia.

Mdau wa Nairobi:
Kuhusu CFA, asilazimishwe mtu. Ngazi ya kwanza kati ya tatu iko wazi kwa mwanafunzi aliyebakiza miezi isiyozidi 23 kuhitimu, lakini hati yenyewe ya CFA hudai pia saa 4,000 za kazi katika muda usiopungua miezi 36, na ada hulipwa kwa dola. Huku kwetu wapo wanaochagua CIFA, sifa ya wachambuzi wa fedha inayotolewa na KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya.

Mwalimu wa Fedha:
Nashukuruni sana. Tatizo ni kwamba darasa lina wanafunzi zaidi ya mia mbili. Nitasahihisha vipi kurasa zote hizo?

Afisa Mikopo:
Wagawe watano watano, kila kundi na kampuni yake, ukurasa mmoja kwa kundi. Atakayeutetea mbele ya darasa mteue papo hapo, wasijue mapema ni nani.