Mjadala: pikipiki ndogo ya cc 125 kushuka chini, leseni iwe nyepesi au masharti yabaki yale yale?

Wadau, hili suala watu wanagawanyika kweli kweli, kuna wanaosema mtu mwenye pikipiki ya cc 100 au 125 ya kwenda kazini na kurudi asisumbuliwe, leseni ya gari inamtosha, na kuna wanaosema hapana, pikipiki ni pikipiki, apite mafunzo yote na mtihani kama mwenye cc 600. Mimi naona pande zote zinakosea. Leseni iwe nyepesi ila somo la breki lisirukwe.

Nataka iwe nyepesi kwa sababu hizi ndo pikipiki za mtu wa kawaida. Lita moja unaenda kilometa 50 na zaidi ukiendesha kistaarabu, haili nafasi, na matunzo mengi unafanya mwenyewe, kumwaga oili, kusafisha plagi, kukaza cheni. Pikipiki ndogo ya Honda Super Cub ilitoka 1958 na hadi 2017 zilishatengenezwa milioni 100, wengi waliozinunua walikuwa wanataka tu kufika wanakoenda. Mtu kama huyo ukimwekea masharti mazito na gharama juu haachi kuendesha, ataendesha bila leseni, basi hapo umepata nini?

Ila hoja ya "ni ndogo haina hatari" siikubali hata kidogo. Sitini ni sitini jamani! Ukiwa kilometa 60 kwa saa, ile sekunde moja ya kushtuka tu umeshapita karibu mita 17 na breki hujaigusa. Tena hizi ndogo nyingi zina breki za dramu, tairi nyembamba, na ABS, ule mfumo unaozuia tairi lisigome kuzunguka ukifunga breki, hamna. Hata Ulaya, ambako tangu 2016 modeli mpya za pikipiki zinazozidi cc 125 lazima ziwe na ABS, hizi ndogo zinaruhusiwa kutoka na breki za pamoja tu, yaani ukishika moja inakamata mbele na nyuma.

Mwangalie dereva wa gari aliyepanda pikipiki juzi juzi. Likitokea la kutokea anakanyaga breki ya mguu peke yake, yaani ya nyuma, maana kaambiwa ya mbele, ile ya mkononi, itampindua. Sasa ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, linagoma kuzunguka, linaanza kuteleza pembeni na yeye bado kakanyaga tu. Inayosimamisha hasa ni ya mbele, ila unaibana taratibu halafu unaongeza, sio kuikamata ghafla. Kwa maneno tu hutaijua, mpaka mkono uzoee, na mahali pa kuzoea ni uwanja mtupu ukiwa na mwalimu pembeni.

Wenzetu wameshajaribu njia tofauti. Ufaransa mwenye leseni ya gari anapata mafunzo ya saa 7 ndo anaruhusiwa 125. Ujerumani tangu 2020 ni vipindi visivyopungua 9 vya dakika 90, mtihani hamna, ila awe na miaka 25 na leseni ya gari ya miaka 5. Hispania akishakaa na leseni ya gari miaka 3 anapanda anaondoka. Mimi nipo na Ujerumani, hiyo ya Hispania inanitisha.

Helmeti sijaiweka hapa kwa sababu haina mjadala, ivaliwe na ifungwe kidevuni.

Haya, mnaosema leseni ya gari inatosha: kwenye gari mlifundishwa lini kugawa breki ya mbele na ya nyuma, barabara imelowa na umepakia mtu nyuma? Na nyie wa mtihani kamili, yule asiyeweza kuulipia mnamwambia nini?