Mafundi, acheni kuziba kitundu cha sailensa! Nimelipa hela ya kuzuia kutu, ekzosi imeoza yote

Wakuu, salamu. Nimekaa na hili jambo siku tatu na hasira haijapungua.

Mwezi wa pili nilipeleka gari gereji, Toyota IST. Nakaa Kigamboni, upepo wa bahari unaipiga usiku kucha, na nilishaona ekzosi inaanza kushika kutu kwenye maungio. Nilitaka izuiwe mapema kabla haijala bomba. Fundi akapiga jeki, akaingia uvunguni, akatoka na jibu: "Bosi, sailensa imeshatoboka. Naichomelea, naipiga rangi, unasahau." Laki moja na arobaini. Nikatoa.

Hilo "tundu" lake ni kile kitundu kilichopo chini ya tumbo la sailensa. Ncha ya kalamu inaingia kwa shida. Kina duara safi kabisa kwa sababu kimetobolewa kiwandani! Kutu haitoboi duara. Kutu inakula ovyo ovyo, ukipitisha kidole kingo zinakukwaruza na bati linabonyea. Mtu anayeshinda uvunguni mwa magari kila siku anashindwaje kutofautisha?

Kile kitundu ni cha kutolea maji. Petroli ikiungua inazaa maji, lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji, yanayotoka kama mvuke. Bomba likishapata moto mvuke unapita zake. Likiwa bado la baridi unarudi kuwa maji, yanatuama kwenye sailensa, tena yamechanganyika na tindikali ya moshi. Mimi kutoka nyumbani hadi pantoni ni dakika kumi. Sailensa haijapata moto sawasawa nazima gari, na kesho yake hivyo hivyo. Yale maji yalikuwa yanadondoka pale chini kila asubuhi, yeye akaja kuyafungia ndani na akadai malipo juu yake.

Na rangi yenyewe! Kapaka rangi ya mafuta, ile ya mageti, juu ya kutu ambayo hakuisugua hata kidogo. Safari ya kwanza ya Morogoro ikatoa malengelenge na kunuka. Nikampigia, akasema "inajizoesha."

Mwezi wa tisa gari ikaanza kunguruma. Halafu mwanangu, anayekaa siti ya nyuma, akawa analalamika kichwa kila tukifika. Hapo ndipo nilipoogopa. Moshi wa gari una monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na inaua. Fundi mwingine akakuta bomba limepasuka karibu na sailensa, usawa wa siti ile ile. Akaikata sailensa kwa grainda mbele yangu. Yakamwagika maji ya kahawia, kama kikombe kizima. Vibati vya ndani ukivigusa vinamomonyoka kama mkate uliolowa chai. Nje bado nyeusi inang'aa.

Kazi hii ina utaratibu wake na si mgumu. Sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, futa vumbi na mafuta, ndipo upulize rangi ya kuhimili joto, kopo liwe limeandikwa nyuzi 600 au zaidi. Tabaka jembamba, likauke, lingine. Kisha ipashwe moto taratibu ishike. Ukipita kwenye maji ya chumvi, osha uvungu kwa maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, gari ikishapoa. Na angalau mara moja kwa wiki iendeshe nusu saa mfululizo maji ya ndani yakauke. Hivyo vyote nimevijua baada ya kuumia, wakati ilikuwa kazi ya fundi kuniambia.

Halafu kuna wale wanaopaka oili chafu kwenye ekzosi "kuzuia kutu." Jamani, bomba la moto unalipaka oili? Inafuka moshi, inaweza kuwaka, na oili ikishaungua, chuma kinabaki wazi kama mwanzo.

Jana nimemrudia fundi wa kwanza na kipande cha sailensa mkononi. Kasema gari ilikuja na kutu kutoka Japani. Ni kweli kule Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na magari mengi ya huko yanakuja yameliwa chini. Lakini karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandikwa hali ya gari kabla ya kuuzwa, ya gari yangu ninayo. Kutu inaandikwa S, ikishakula sana inaandikwa C. Yangu haina hata moja. Nikamwekea mezani, nikamwonyesha na alama ya kuchomelea juu ya kile kitundu. Akanyamaza, akaingia uvunguni mwa gari ya mtu mwingine.

Laki na arobaini yangu naitaka. Aliyewahi kudai fundi akarudishiwa, aniambie alianzia wapi.