Klarineti ya babu imeandikwa EDGWARE, hii ni modeli au mahali?

mjukuu_wa_tanga
Wakuu habari za jioni. Kuna klarineti ya marehemu babu, alikuwa anapiga bendi ya polisi enzi hizo, tumeikuta juu ya kabati sanduku lote limeliwa na mende. Nyeusi, nzito, vyuma vimepauka. Imeandikwa BOOSEY & HAWKES LONDON halafu kuna neno EDGWARE. Nimegugo naambiwa Edgware ni mtaa huko London, sasa ndo modeli au ndo kiwanda kilipokuwa? Kuna jamaa anasema ni ya kabla ya vita ya kwanza na kashaweka dau anataka aichukue kesho, ndo nikashtuka

PumziMoja
Vyote viwili mkuu. Kiwanda kilikuwa Edgware na kuna modeli wakaipa jina hilohilo. Regent ilikuwa ya wanaojifunza, Edgware hiyo juu yake kidogo, ukipanda unakutana na Imperial 926, halafu Symphony 1010 ndo baba lao, tundu lake pana na ndo aliyokuwa anapiga Jack Brymer, yule mpiga klarineti maarufu wa Uingereza. Ila huyo jamaa anakupiga kamba, Boosey na Hawkes zilikuwa kampuni mbili zikaungana 1930, sasa kitu chenye majina yote mawili kitakuwaje cha kabla ya 1914?? Ingekuwa Boosey & Co peke yake au Hawkes & Son peke yake hapo sawa

mjukuu_wa_tanga
Duh asante. Kuna namba pia, kipande cha juu inaishia 41 cha chini inaishia 87, nisome ipi?

dada_ridi
Pole mdogo wangu, hizo zinatakiwa zifanane. Hapo umeunganishiwa vipande vya klarineti mbili, nahisi kimoja kilipasuka wakachomoa cha nyingine stoo maisha yakaendelea. Kupiga inaweza kupiga vizuri tu ila kwa bei inashuka. Angalia pia kidole kidogo cha mkono wa kulia kina vibonyezo vingapi, vikiwa vinne ni Boehm, yaani mfumo wa vibonyezo unaotumika sana siku hizi, viwili ni ule mfumo wa zamani wa Albert. Na umulike tochi ndani ya bomba, ukiona nyuzi za mti ni mpingo, kama ni laini tupu sugua kwa kidole gumba mpaka ipate moto halafu nusa, ebonaiti (mpira mgumu) inatoa harufu ya kiberiti. Tafadhali usipake mafuta ya kupikia!!

mjukuu_wa_tanga
Vinne dada. Na nyuzi nimeziona, kuna na kaufa kembamba kama unywele karibu na tundu la juu

PumziMoja
Haha kumbe mpingo, mti wa huku kwetu au Msumbiji umepanda meli kwenda kuchongwa London ukarudi na bendi. Huo ufa usipige kwanza mpaka fundi auone

mjukuu_wa_tanga
Jamaa kapiga simu tena sasa hivi eti anaongeza elfu ishirini. Nimemwambia mama hataki