Tupeane uzoefu: ishara za mwili zinazoleta kutoelewana na watu wa tamaduni nyingine

Wadau mnaofanya kazi na watu wa mataifa mbalimbali, tuweke hapa yanayotatiza kweli na namna ya kuyakwepa.

Naanza na kichwa. Bulgaria, mtu akitikisa kichwa kushoto na kulia anakubali. Akikiinua juu, anakataa. Kibaya zaidi, wapo wanaogeuza ishara hiyo wakiongea na mgeni ili kumrahisishia, basi hujui umepewa ipi. Kwenye jambo zito usiulize swali la ndiyo au hapana. Badala ya "Mzigo utafika Ijumaa?" uliza "Mzigo utafika siku gani?" Hapo kichwa hakitoshi, lazima mdomo ufunguke.

---

Naongezea hapo kwa mkuu. Mjapani huitikia kwa kichwa na kusema "hai" wakati unaongea. Anakuonyesha kwamba anakusikiliza, bei hajaikubali bado. Mwisho wa kikao andikeni mliyoafikiana, kisha mpe muda akashauriane na wenzake.

---

Mimi naona umbali ndio unaoharibu mengi, kwa sababu hakuna anayeutaja. Mwanaanthropolojia Edward T. Hall aliuchunguza Marekani miaka ya 1960: wanaofahamiana huongea wakiwa kati ya sentimita 45 na 120 hivi, na chini ya hapo ni eneo la wapenzi na watoto. Kwa Waarabu wengi umbali wa kuongea ni mfupi zaidi. Mwarabu na Mmarekani wakikutana, mmoja anasogea, mwenzake anarudi nyuma, anasogea tena, mpaka mgongo unagusa ukuta. Aliyesogea anahisi amedharauliwa. Aliyerudi anahisi ameingiliwa. Wote wawili walikuwa na nia njema kabisa!

Ukibanwa usirudi nyuma. Geuka kidogo ili msimame ubavu kwa ubavu, au kaeni kwenye kona ya meza. Ukaribu unabaki uleule, ila nyuso hazikabiliani tena na pumzi inarudi.

---

Vidole kwa kifupi: alama ya V, kiganja kikikuelekea wewe mwenyewe, ni tusi Uingereza na Australia. Rais George H. W. Bush aliionyesha hivyo akiwa garini Canberra, mji mkuu wa Australia, mwaka 1992. Kama huna uhakika, punga mkono tu.

---

Wasaili na walimu, tusisahau macho. Katika jamii nyingi za Afrika na Asia, kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa adabu. Msaili aliyelelewa kwingine anaandika "anaficha kitu," na kijana anakosa kazi kwa heshima aliyofunzwa nyumbani. Inauma.

Gawa fomu yako safu mbili: ulichoona na ulivyokielewa. "Alitazama meza akijibu swali la 3" inaingia ya kwanza. "Anaficha kitu" inaingia ya pili, na haipewi alama yoyote mpaka umemuuliza swali hilo upya kwa maneno mengine na majibu yamepingana.