Chevelle ya 1969: niiuze ilivyo, niitembeze tu, niirudishe kama ilivyotoka kiwandani, au niitie injini mpya?

Mtu_wa_Tanga (Columbus, Ohio)

Wakuu, habari za mihangaiko. Mwaka juzi nilimsaidia mzee jirani yangu kuhama shamba, na ghalani kwake, chini ya turubai, ilikuwa imelala Chevrolet Chevelle ya 1969, milango miwili. Haikuwa imewashwa kwa zaidi ya miaka 20. Tukaelewana dola 9,000, nikaivuta kwa tela hadi nyumbani. Ubavuni na kwenye grili ina nembo za SS 396 (SS ni toleo lake la mbio, 396 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), na hizo ndizo zilizonitoa udenda.

Sasa mke wangu anataka gereji yake, nami nataka faida. Naona njia nne. Kuiuza hivihivi, mnunuzi aje na tela lake. Kuifanya itembee na kusimama tu (breki, tanki, kabureta, tairi) kisha niiuze na rangi yake iliyofifia. Kuivua yote hadi chesisi na kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Au ile wanayoiita restomodi: bodi la zamani, injini ya kisasa ya V8 aina ya LS, gia sita, diski magurudumu yote, kiyoyozi. Fundi mmoja hapa kaniambia nimpe dola 45,000 aimalize, nami nitaiuza "laki kasoro". Laki kasoro ya dola, wakuu!

Nawasilisha.

Bwana_Kabureta (Houston)

Picha ziko wapi? Uzi wa gari bila picha ni pilau bila nyama.

Halafu niambie, huyo fundi alipotaja laki kasoro alikuwa amelala chini ya gari, au alikuwa amesimama anatazama nembo? Maana nembo za SS zinauzwa mtandaoni, unaagiza Jumatatu, Jumapili ukitoka ibadani unabandika.

Na mwaka wako ndio wenye mtego. Kuanzia 1966 hadi 1968 SS 396 ilikuwa na namba zake yenyewe, chesisi inaanza na 138, hakuna ubishi. Mwaka 1969 Chevrolet wakaigeuza SS kuwa kifurushi cha nyongeza, namba Z25, unakiongeza juu ya gari la kawaida. Matokeo yake, Malibu ya mama wa kwenda sokoni na SS ya kijana mpenda mbio zinaanza na namba zilezile. Chungulia kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva, kuna kibati kwenye dashibodi. Ukikuta 13637 ujue 36 ni Malibu ya V8 na 37 ni mwili wa milango miwili. Tarakimu ifuatayo, 9, ndiyo mwaka, na herufi baada yake ni kiwanda: B ni Baltimore, K ni Kansas City. Ukikuta 13537 hiyo ilizaliwa na silinda sita, funga mjadala. Lakini hata 13637 haikuambii neno lolote kuhusu 396.

Kwa hiyo piga jeki, weka stendi (jeki peke yake imeua watu), ingia chini. SS ya mwaka huo ilitoka na diski mbele na difu ya bolti 12. Hesabu bolti za kifuniko cha difu. Ukitoka huko nenda mbele ya injini, upande wa abiria, pale kichwa cha silinda kinapoanzia. Kuna kijukwaa bapa kimegongwa namba. Futa kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki. USIPIGE MSASA. Alama za mashine ya kiwandani zilizo juu ya kile kijukwaa ni ushahidi kwamba namba ni za asili, ukizisugua umeua gari lako mwenyewe. Mwisho, ukishusha tanki la mafuta tazama mgongoni kwake, na ndani ya springi za kiti cha nyuma. Mara nyingine karatasi ya kiwandani, ile inayoorodhesha gari liliundwa na nini, bado imebanwa humo. Panya wakiiacha, hiyo ni dhahabu.

Usiamue chochote kabla ya hayo.

Kijana_Kisauni (Mombasa)

Kwani shida iko wapi? Si uitie kontena uilete huku, tuitembeze Mama Ngina Drive.

Bwana_Kabureta (Houston)

@Kijana_Kisauni Kenya gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe haliingizwi, na hili lina usukani kushoto. Utalitembeza ndani ya kontena.

Dada_Rangi (Minneapolis)

Kaka, mimi kazi yangu ni bodi na rangi, mwaka wa 11 huu, na chumvi ya barabarani ya huku kaskazini ndiyo inayonilisha. Wenzangu wataongea injini. Mimi nakuambia pesa ya gari la zamani huliwa na bati.

Chukua sumaku ya friji, ifunge kwa kitambaa laini, ipitishe polepole kwenye bati la nyuma kuzunguka tairi, sehemu ya chini ya bati za mbele, na mwisho wa milango. Ikishika, kuna chuma. Ikidondoka, hiyo ni puti, na chini ya puti usishangae kukuta gazeti. Mwaka juzi nilichimba robo ya nyuma ya gari moja nikatoa kipande cha neti ya dirisha na puti nene kama chapati tatu.

Kwenye Chevelle kuna mahali pamoja ambapo wengi hawapatazami: kioo cha nyuma. Chini ya ule ukanda wa kromu maji hutuama kwenye pembe mbili za chini, bati linaoza kimyakimya, kisha maji yanashuka kwenye buti na kuoza sakafu ya buti pia. Mtihani wake ni rahisi. Fungua buti, mtoto ashike tochi ndani, wewe mimina birika la maji taratibu chini ya kioo. Tone likionekana ndani, ongeza maelfu kwenye hesabu yako, kwa sababu kioo lazima kitoke, na kukitengeneza kile kidirisha cha bati ni kazi ya kuchomelea vipande vidogovidogo siku nzima.

Na tafadhali usiipige rangi ili uiuze. Kazi safi, yaani kuvua, kunyoosha, praima, msasa, rangi, msasa tena, polishi, huku kwetu haishuki dola 12,000 kwa gari kubwa namna hiyo. Kazi ya dola 3,000 mnunuzi mjuzi anaiona akiwa getini, na kitu cha kwanza anachojiuliza ni: anaficha nini? Rangi ya zamani iliyofifia inaonyesha kila kitu. Watu wanalipia hiyo sasa.

Mkongo_wa_Louisville

Ndugu yangu, mimi nilipita njia ya tatu, ya kurudisha yote. Chevrolet Nova ya 1970. Nilikuwa nafikiri mikono yangu ni bure, kumbe mikono pia ina bei. Niliandika saa zangu kwenye daftari la shule la mtoto: zilifika 1,140 nikaacha kuandika. Risiti peke yake dola 38,000. Kromu ya bampa mbili na vikorokoro vya madirisha ilinitoa machozi, maana viwanda vya kromu vimebaki vichache na kila kimoja kina foleni ya miezi. Nova niliiuza 31,000, na mnunuzi alinipongeza sana. Pongezi hazijazi pengo la 7,000.

Nikupe na kisa cha injini, kikusaidie. Niliishusha, nikaifanyia ovahoo, nikaweka kemshafti mpya ya mtindo wa zamani, ile ambayo tapeti zake ni bapa, zinasugua. Kemshafti hiyo siku ya kwanza haitaki sailensa, yaani injini kuzunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta. Ukiwasha tu unapandisha hadi mizunguko 2,000 au 2,500 na kuiweka hapo dakika 20, na oili iwe yenye zinki ya kutosha, maana oili nyingi za dukani za magari mapya zimepunguzwa zinki. Mimi nilialika majirani waje kusikia, nyama ikiwa jikoni. Nikawasha, ikanguruma vizuri, nikaiacha kwenye sailensa ili wapige video. Kabla nyama haijaiva ilianza kugonga tak-tak-tak. Nilipomwaga oili ilikuwa inameremeta kama imechanganywa na vumbi la fedha. Meno mawili ya kemshafti yameliwa, na vile vipande vimeshatembea kwenye bearingi zote. Nikaanza upya.

Kwa hiyo kama utafanya kila kitu, fanya kwa sababu unalipenda gari. Kama ni biashara, hapana.

Salim_Maskati (Muscat)

Assalaam alaykum jamaa. Mimi nawapinga kidogo. Huku Ghuba V8 za Kimarekani zina wenyewe, na usukani kushoto kwetu ndiyo sheria. Lakini jaribu kukaa Agosti kwenye foleni ya Muscat ndani ya gari la 1969 lenye radieta yake ya awali na vioo vinavyopandishwa kwa mkono. Utashuka umeiva. Mtu wa huku akinunua anataka aendeshe: kiyoyozi, diski, feni ya umeme, injini inayowaka kwa kugusa. Restomodi iliyofanywa vizuri inauzika haraka.

Kasoro yake moja ni kwamba unalipia ladha yako. Binamu yangu aliweka rimu za inchi 20 na viti vya ngozi ya machungwa kwenye Camaro ya watu. Wateja walikuja, wakanywa kahawa, wakaondoka.

Fundi_Hamburg

Na huku Ujerumani ni kinyume cha kwa sheikh Salim. Gari likifika miaka 30 linaweza kupewa namba ya magari ya kihistoria, ile yenye herufi H mwishoni, na mwenye nayo ananufaika kwenye kodi. Mkaguzi anataka liwe katika hali nzuri ya asili, na mabadiliko yawe ya zama zake. Injini ya LS ya juzi kwenye mwili wa 1969 ni mtihani kuipitisha. Wateja wangu wanaoagiza Marekani huuliza swali moja kabla ya bei: imeguswaguswa? Ukiikata chesisi ili gia sita ziingie, soko la huku umelifunga mwenyewe.

Mtu_wa_Tanga (Columbus, Ohio)

Wakuu, nimerudi na habari mbaya.

Bolti za difu ni 10. Nimehesabu mara tatu, mara ya tatu kwa kuziwekea chaki. Breki za mbele ni dramu. Kibati kinasoma 13637. Namba za injini nilimtumia Kabureta, kasema ni 307, na gia ni Powerglide ya hatua mbili. Halafu nikang'oa nembo ya ubavuni. Matundu yake hayako kwenye mstari mmoja, na moja limetobolewa na drili ya nyumbani, kingo zimeparuzika.

Nimebeba kimeo?

Bwana_Kabureta (Houston)

Hujabeba kimeo mkuu. Umebeba Malibu. Kimeo ni kuiuza kama SS, na huo ni utapeli, utakurudia na wakili.

Sasa hesabu imekuwa nyepesi. Kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani kunalipa pale ambapo gari likishakamilika ni adimu. Hii ukiimaliza kwa dola 50,000 inabaki kuwa Malibu ya 307 yenye farasi 200 kwenye karatasi, na zilikuwa farasi za hesabu ya zamani, kabla ya 1972 walipoanza kuzipima injini zikiwa na vifaa vyake vyote. Njia hiyo ifute.

Restomodi ndipo Malibu inapopata heshima, kwa kuwa hakuna anayelia ukiing'oa 307. Sheikh Salim hakukosea. Lakini 45,000 za fundi huyo ni za kuanzia. Ukiongeza bati, kitu ambacho dada amekuonya na fundi hakukitaja, utavuka. Ifanye kama unataka kubaki nayo.

Kuiuza ilivyo ni haraka, ila gari lisilowaka kila mnunuzi analihesabia mabaya yote anayoweza kuyafikiria. Ndiyo maana naipigia kura njia ya pili. Kuwaka, kusimama, kugeuka. Shusha tanki, badilisha mipira yote ya mafuta maana petroli ya siku hizi ina ethanoli na inaila mipira ya zamani, fungua kabureta, silinda za breki zote mpya. Usiguse rangi wala viti.

Kuhusu pa kuuzia: minada mikubwa kama Mecum na Barrett-Jackson ni ya magari yenye hadithi, na Barrett-Jackson magari mengi huuzwa bila bei ya chini, ukipata siku mbovu umeliwa. Mnada wa mtandaoni kama Bring a Trailer unafaa ukiwa na picha 150 na ngozi ngumu, wachangiaji wa pale wanakagua kuliko polisi. Kwa Malibu ya kawaida mimi ningetangaza nyumbani, mnunuzi aje aishike. Andika wazi: Malibu 307, nembo za SS ziliwekwa baadaye.

Dada_Rangi (Minneapolis)

Naunga mkono. Ila mngejua vijana wa hapa gereji wanaota nini sasa! Marekani gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingizwa, basi wanaagiza Chaser na Mark II kutoka Japani. Mark II, zile zile teksi bubu za Dar. Wazee ndio wamebaki na Chevelle.

Mtu_wa_Tanga (Columbus, Ohio)

Mrejesho, baada ya miezi minne.

Nilitumia 3,400, tairi zikiwemo. Karatasi juu ya tanki haikuwepo. Kwa dada nilipaswa kusikiliza mapema: pembe ya kushoto ya kioo cha nyuma inavuja, nikaiandika kwenye tangazo na kupiga picha. Waliopiga simu ni wengi, waliokuja ni watatu. Wa kwanza alitaka SS. Wa pili alitaka kubadilishana na boti. Wa tatu, mwalimu mstaafu, hakuomba hata nifungue boneti. Alienda moja kwa moja kwenye buti, akapiga magoti, akapapasa ile pembe kwa kidole, akasema, "Hapa tu?" Tukamalizana 16,500, na nembo nikampa kwenye mfuko wa nailoni.

Kabureta, picha hizo hapo. Ya kwanza ni kiota cha panya nilichokitoa kwenye chujio cha hewa.