Naomba ushauri: kazi ya taarifa za sheria tuwape watu wa nje?

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia maktaba ya kampuni ya uwakili. Mawakili ni 38, maktabani tuko wawili tu. Kila asubuhi tunapitia gazeti la serikali, hukumu mpya na miswada, kisha tunatuma muhtasari kwa kila idara. Sasa wabia wanataka kazi hiyo, pamoja na utunzaji wa hazina yetu ya mikataba ya mfano na maoni ya kisheria, ipewe kampuni ya nje ili kupunguza gharama.

Muhtasari sina neno nao sana. Hazina ndiyo inayoniumiza kichwa, maana mle mna siri za wateja. Hata orodha ya mada tunazofuatilia inaweza kumdokeza mtu kwamba mteja fulani ananyemelea kununua kampuni fulani.

Tumewajaribu watu hao wa nje mwezi mmoja, kwa muhtasari pekee. Ulifika kwa wakati, ila ulikuwa mrefu mno, na hukumu iliyotengua msimamo wa zamani ikachomekwa katikati kama habari ya kawaida. Wakili mmoja aliiona kwa bahati tu. (Nikiri, sikuwa nimewaandikia vipaumbele vyetu.)

Mliokwisha kugawa kazi hii, mpaka mliuweka wapi: kipi kilitoka, kipi kilibaki ndani? Na kwenye mkataba, mbali na muda wa kufikisha, ubora mliupima kwa kigezo gani?

Wabia wanasubiri jibu langu Ijumaa.