Naomba ushauri: kisu cha wembe wa kuvunja, mnakitumiaje nyumbani?

Habari zenu wakuu, nimenunua kile kisu cha wembe unaosukumwa kwa kidole gumba, wenye mistari, ncha ikiisha makali unavunja kipande unaendelea. Nimechukua cha milimita 18 maana kile chembamba cha milimita 9 naona ni cha karatasi tu. Kazi ndogondogo hapa nyumbani ni nyingi na fundi kila akija ni hela, nataka nizifanye mwenyewe na zitoke vizuri.

Kubwa ni kapeti la plastiki la sebuleni. Najua unatoa wembe kidogo tu, unaweka rula ya chuma unapita mara mbili tatu bila kukandamiza, ila kwenye kona za milango ndo sielewi, mnakunja kwanza au mnapima kwa karatasi? Pia kuna silikoni ya zamani pembeni ya sinki imeota ukungu, hiki kisu kitaitoa bila kuchubua sinki? Jipsamu naona naiweza, unachana karatasi ya juu, unavunja ubao, unamalizia karatasi ya nyuma.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni vile vipande vinavyovunjwa, nina watoto wadogo, halafu takataka zetu kuna watu wanazichambua kwa mikono jamani. Nafikiria kuviweka kwenye kopo la chuma lenye mfuniko, likijaa nalizungushia selotepu ndo natupa. Nyie mnafanyaje? Na glovu gani zinasaidia kweli?